Mnazi wa Arubaini na Moja

Kiwengwa, 3 Februari 1954

Kwa Ami yangu Silima bin Gharib, Malindi, mjini Unguja.

Shikamoo, Ami. Barua hii atakupa Hija dereva pamoja na pweza mkavu wanne. Wahesabu mbele yake. Safari iliyopita alinambia mmoja kaanguka njiani, na mdomo wake ulikuwa unanuka pweza.

Sisi wazima. Chuo changu cha Kurani kina watoto kumi na saba, na vile vitabu ulivyovijalidi upya havijachanika hata kimoja. Lakini sikukuandikia kwa hayo. Baba alipokuwa hawezi, siku zake za mwisho, alinambia, "Likitokea neno la karatasi, mwandikie Silima." Sasa limetokea.

Jumatatu walikuja watu watatu kutoka mjini na kamba ndefu ya kupimia. Walianzia nyuma ya msikiti wakavuta kamba uwandani mpaka karibu na pango. Bi. Kidawa, mvyale wetu, ambaye hakuna akataye mti uwandani bila ya kumwomba ruhusa, alikuwa kule anaokota kuni. Akawauliza, "Mnapima nini?"

"Ardhi, bibi."

"Ya nani?"

"Hilo ndilo tutakalo kujua. Ya nani?"

Bi. Kidawa akacheka. "Ya nani! Na bahari mtakuja kuipima lini?"

Hawakucheka wao. Wametumwa na tajiri mmoja aitwaye Bwana Hasan. Anataka kujenga matanuu ya chokaa, na uwanda wetu una vitu viwili tanuu linavyovitaka: jiwe na kuni. Amewapelekea salamu wale Watu Wanne wanaosimamia mambo ya mji wetu. Akiwapo mwenye uwanda, atazungumza naye. Asipokuwapo, basi hiyo ni ardhi tupu, na ataiombea hati.

Ami, unajua kwamba visima vya pwani vina chumvi na maji matamu yetu yote yanatoka pangoni. Kuni zetu zinatoka uwandani, na malisho ya mbuzi, na dawa. Kila mtu anachukua na hakuna mwenyewe. Tumjibu nini mtu anayeuliza mwenyewe ni nani? Wewe umesoma. Tuandikie.

Mwanao,
Wanu binti Machano


Malindi, 9 Februari 1954

Mwanangu Wanu,

Marahaba. Pweza walifika watatu. Hija ameapa kwamba hukumpa zaidi.

Nimeisoma barua yako mara mbili kwa macho na mara ya tatu kwa miguu. Toka mlango wa nyuma wa msikiti hadi mdomo wa pango ni hatua mia nne na kumi na mbili. Nilizihesabu nikiwa mtoto, na tangu hapo miguu yangu imerefuka ikafupika tena. Kuna mti mkubwa wa mkaaga mkono wa kushoto, kisha jiwe lililokaa kama ngamia aliyepiga magoti, kisha njia inashuka na unasikia ubaridi kabla ya kuona maji. Kama mkaaga ule umekufa, usinambie.

Sasa jambo lenyewe. Njia iko, nayo ni wakfu. Ardhi ikiwekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, mpaka dunia ishe. Nimekwenda kwa Bwana Abrahman, mwandishi wa hati, ambaye nimemjalidia vitabu vyake vyote. Akanambia, "Sheikh Silima, mtu hawezi kuweka wakfu kitu kisicho chake. Nani mwenye uwanda?" Nikamjibu ni wetu sote. Akaweka kalamu chini. "Sote hana saini," akasema.

Vitabu vya fiqhi vinauita uwanda kama huo ardhi mfu, na ardhi mfu ni ya aliyeihuisha. Nimevisoma vitabu hivyo miaka mingi bila ya neno hilo kunichoma. Lakini ndivyo ilivyo: lazima pawe na alama ya mkono wa mtu. Mti. Mmoja wenu apande minazi mpakani, uwanda uwe wake kwa siku moja tu, na siku hiyohiyo auweke wakfu.

Usiwaambie wazee kwamba shauri hili ni langu. Sema ni la Bwana Abrahman.

Ami yako,
Silima bin Gharib


Kiwengwa, 24 Februari 1954

Ami yangu,

Shikamoo. Kuficha shauri limetoka kwa nani haikuwezekana. Barua yako ilipita mkononi mwa Hija, na Hija akishika bahasha mji wote umesoma.

Watu walikusanyika baada ya sala ya Ijumaa. Niliwasomea ulivyoandika. Habari ya wakfu waliipenda. Ilipofika minazi, Mkubwa, yule fundi wa kusuka madema ya samaki, akasema, "Mmoja apande kwa niaba yetu? Haya, nipeni mimi. Nna mikono miwili." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesema apewe, wala hakuna aliyetaka jirani yake apewe. Hata imamu walimkataa. Unajua sheria yetu, Ami. Mtu hulima mihogo uwandani, akivuna anaondoka na ardhi inarudi kuwa uwanda. Lakini mti wa kudumu haupandwi, maana mti una mwenyewe, na chini ya mti kuna ardhi.

Bi. Kidawa alikuwa amekaa upande wa wanawake. Akauliza, "Nani anatwambia tupande mnazi uwandani? Silima yupi? Wa Gharib?" Nikasema naam. Akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya kanga, na alipomaliza kucheka aliendelea kujipangusa. Nikamuuliza kuna nini. "Muulize mwenyewe," akasema.

Basi nakuuliza.

Wanu


Malindi, 2 Machi 1954

Mwanangu,

Bi. Kidawa nilikua naye. Kicheko chake sikupata kukielewa tangu utotoni, na sasa nimezeeka. Tuliache hilo.

Kwamba hamkumkubali mtu mmoja, mmefanya vyema. Nimefikiri njia nyengine, na Bwana Abrahman ameiridhia. Nyumba zenu ni arubaini. Kila nyumba ipande mnazi mmoja, siku moja, saa moja, kuuzunguka uwanda wote. Uwanda utakuwa na wenyewe arubaini, na wenyewe arubaini watatia saini hati moja. Hakuna atakayemzidi mwenziwe.

Wenzetu wa Kiwengwa walioko mjini wamekutana chumbani kwangu, watu kumi na mmoja, wengine wamekaa ngazini kwa kukosa nafasi. Wapo ambao hawajarudi huko kwa miaka kumi, lakini kila mmoja alitaja mahali pake uwandani, mmoja alipoumwa na nyuki, mwengine alipoficha kishada chake cha kurusha. Tumejiita Jamaa ya Uwanda. Miche tutaileta sisi kwa gari la Hija.

Lipo neno moja la kusubiri. Bwana Abrahman anasema mche uliopandwa jana si alama, mbuzi akiula hakuna ushahidi. Ni lazima ushike, upite masika na kiangazi. Hati tutaitia saini baada ya Maulidi, mwezi wa Novemba. Miezi minane si mingi kwa ardhi iliyongoja tangu Nabii Nuhu.

Silima


Kiwengwa, 19 Aprili 1954

Ami yangu,

Shikamoo. Tumepanda.

Laiti ungeona. Mvua ilikuwa imetua alfajiri na jiwe lilikuwa bado linatoa moshi wa unyevu. Wanaume walichimba kwa mitaimbo, maana udongo ule ni kiganja kimoja tu kisha mwamba. Sisi tulibeba mboji na mwani. Mwatima, jirani yangu, mjane, alichimba shimo lake mwenyewe, na Mkubwa alipotaka kumsaidia akamwambia, "Kachimbe lako. Mimi mnazi wangu hautaki baba wa kambo." Tulicheka mpaka mitaimbo ikasimama. Imamu alisoma Fatiha, tukala wali wa nazi pamoja chini ya mkaaga. Upo, Ami. Haukufa.

Bi. Kidawa hakuja. Alisema mguu unamuuma.

Miche ilikuja arubaini na mmoja. Huo wa zaidi nimeuweka mahali pake.

Jambo moja dogo. Jioni ile Mkubwa alifunga kitambaa chekundu kwenye mche wake, asije akauchanganya na wa watu. Asubuhi nilipopita kwenda pangoni, miche yote ilikuwa na vitambaa.

Wanu


Malindi, 27 Aprili 1954

Mwanangu Wanu,

Barua yako niliwasomea Jamaa ya Uwanda. Wawili walilia, na mmoja ni mchukuzi wa bandarini ambaye halii kwa jambo dogo.

Vitambaa vile vimenifurahisha kuliko yote. Mtu hukifunga kitambaa kitu akipendacho. Nilikuwa na khofu kwamba mtapanda na kusahau, mbuzi wamalize kazi. Sasa naona kila mche una mlezi.

Bwana Abrahman ameanza kuandika hati. Sentensi ya kwanza inasema: "Sisi tuliotia saini hapa chini, wenye ardhi iitwayo Uwanda wa Kiwengwa..." Niliomba aandike "walinzi" badala ya "wenye." Akakataa. Mlinzi hana cha kutoa, akasema.

Ramadhani njema. Niombee.

Silima


Kiwengwa, 15 Agosti 1954

Ami yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Minazi imeshika yote. Watu wanakwenda uwandani sana siku hizi, kuliko zamani. Ukipita saa yoyote humkosi mtu.

Nina kazi nyingi za chuo, nisamehe kwa ufupi. Usijisumbue kuleta miche mingine.

Wanu


Malindi, 22 Agosti 1954

Mwanangu,

Barua yako fupi imenitosha. Imeshika yote! Sikutegemea zaidi ya thuluthi mbili juu ya jiwe lile.

Hati imekwisha. Ina kurasa tatu, na mwisho wake pana mistari arubaini ya saini. Nimeitengenezea jalada kwa mkono wangu, ngozi ya mbuzi niliyoilainisha siku tisa, na pembeni nimepiga muhuri wa jani la mkaaga. Jalada hili ni bora kuliko yote niliyofanya kwa miaka thalathini. Jioni hwenda Forodhani kupunga upepo, na badala ya kutazama bahari najikuta nawahesabu watia saini wangu arubaini kama mtu anayehesabu tasbihi.

Siku ya kutia saini huenda nikaja pamoja na Bwana Abrahman. Kuingia mjini kwenu sitaingia. Kuna neno nililolisema zamani, nalo bado linanishika. Lakini gari la Hija husimama nje, penye njia panda. Naweza kukaa ndani ya gari, mkaniletea hati niione ikiwa na majina.

Silima


Kiwengwa, 20 Novemba 1954

Ami yangu,

Bwana Abrahman amekwisha kueleza, lakini nataka uyasikie kwangu mimi niliyekuficha. Nashukuru kwamba siku ile homa ilikuzuia.

Kati ya nyumba arubaini walikuja kutia saini watu tisa.

Nilipokuandikia mwezi wa Agosti nilikuwa nshajua. Nilidhani yatatulia. Ilianza na mbuzi wa Mkubwa kuutafuna mche wa Mwatima. Mwatima akadai mche badala ya mche, Mkubwa akasema mbuzi wake alikuwa uwandani, na uwandani mbuzi hana mpaka. "Hana mpaka zamani," Mwatima akamjibu. "Sasa yuko kwangu." Watu Wanne walikaa siku nzima wasijue la kuamua, maana kesi ya namna hiyo hawajapata kuisikia. Baadaye Mwatima akazungushia mche wake ua wa miba. Juma la pili kila mche ulikuwa na ua. Kisha nyua zikakua. Mwenye ua mdogo alimwona mwenziwe mwenye ua mkubwa, akapanda mnazi wa pili ili ua wake uwe na sababu.

Mwezi wa Oktoba, kwenda kuteka maji, nilikuwa napiga hodi mara sita.

Ndipo Bwana Hasan aliporudi. Safari hii hakuja na kamba. Alikuja na kalamu, akakaa barazani kwa Mkubwa akanywa kahawa. Alikuwa mpole sana. "Mwezi wa Februari niliuliza mwenyewe nani, nikachekwa," alisema. "Leo nakuta wenyewe wamo, na vitambaa vyao wamefunga. Mungu awape heri." Amenunua kwa watu thalathini na mmoja, mnazi na ardhi yake yote ya chini, na kila mmoja alitia saini kwa siri akidhani ni peke yake.

Siku ya hati nilimkuta Mkubwa msikitini. Nikamwambia, "Umeuza uwanda." Akanitazama kama mtu aliyeonewa. "Wanu, mimi nimeuza mnazi wangu. Uwanda nautoa wapi mimi wa kuuza?"

Jioni yake nilikwenda kwa Bi. Kidawa, na safari hii alinieleza. Kwamba mwaka alioukumbuka kwa ndui, ulipanda mnazi uwandani. Kwamba Watu Wanne walikuamuru uung'oe ukakataa, na aliyeung'oa ni baba yangu, ndugu yako. Kwamba uliapa mbele ya msikiti hutarudi Kiwengwa mpaka mnazi wako usimame uwandani.

Ami, ulijua. Katika watu wote ulikuwa wewe unajua. Ulitaka kutuokoa au kutulipa?

Wanu


Malindi, 28 Novemba 1954

Mwanangu Wanu,

Nitakujibu kwa mpango, kwa sababu mpango ndio kitu pekee nilichobaki nacho.

Ilikuwa mwaka 1913, nami nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilitaka kumposa Kidawa. Baba yake aliniuliza, "Una nini?" Nikatazama mikono yangu. Sikuwa na kitu ila uwanda, na uwanda kila mtu alikuwa nao. Nikapanda mnazi karibu na mdomo wa pango, nikawa na kitu. Ulikaa siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa, baada ya sala ya alfajiri, nilifungua mlango nikaukuta umelazwa kizingitini, mizizi juu, imekoshwa mchanga. Machano aliutoa kwa mikono, hakuukata. Niliona ni dharau. Imenichukua miaka arubaini na mmoja kuona kwamba mtu anayekudharau hakoshi mizizi ya mche wako.

Niliapa. Kafara ya kiapo kama kile ni kufunga siku tatu. Nimewaandikia watu wengi fatwa hiyo kwa hati nzuri. Nimefunga Ramadhani arubaini na moja, na siku tatu za kafara sikuziona kwenye kalenda. Niliusubiri mji unite. Kiwengwa ni safari ya asubuhi moja, mwanangu. Wapo waliofukuzwa ng'ambo ya bahari saba wakarudi.

Unauliza kuokoa au kulipa. Nilipoandika kwamba mti utawalinda, niliamini. Nilidhani minazi arubaini si kama mnazi mmoja, kwamba kosa likifanywa na watu wote kwa pamoja halibaki kuwa kosa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini nakumbuka pia kwamba nilipoandika neno "minazi", mwezi ule wa Februari, mkono wangu ulikuwa mwepesi. Mwandiko wenyewe unao wewe, utazame. Sijui zaidi ya hapo.

Jalada liko rafuni. Halina kitu ndani. Mwambie Kidawa chochote katika haya, au usimwambie.

Silima


Kiwengwa, 8 Februari 1955

Ami yangu,

Shikamoo. Nimekaa bila ya kukuandikia kwa hasira, kisha hasira ikaisha nikakosa la kuandika.

Matanuu mawili yamekwisha washwa. Moshi wake mweupe unaingia mpaka chuoni, watoto wanasoma huku wanakohoa. Mkaaga walianza nao, kwa kuwa una kuni nyingi. Uliwahi kunambia nisikwambie ukifa, lakini nadhani huu ni wakati wa kuambizana. Wale tisa waliotia saini nao wameuza, mmoja mmoja, Mwatima wa mwisho. Alinambia, "Wanu, ua wangu umekuwa kisiwa. Kuni natoka kuiba kwenye uwanda wa babu yangu." Na mimi pia nimeuza. Hilo sikutaka ulisikie kwa Hija.

Kilichobaki ni mche mmoja. Ule wa zaidi, wa arubaini na moja. Niliupanda siku ileile penye mdomo wa pango, na niliufunga kitambaa kwa jina lako. Sikukijua kisa chako wakati ule. Nilidhani tu kila mtu wa Kiwengwa awe na wake, na wewe huna nyumba. Umesimama, Ami, unanifika kiunoni. Karani wa Bwana Hasan amekuja mara mbili kuuliza Silima bin Gharib anapatikana wapi, maana bila ya ardhi ya mnazi huo hawezi kulifikia pango, na mawe ya pale ndiyo mazuri.

Basi kiapo chako kimetimia. Mnazi wako umesimama uwandani. Njoo. Chumba cha baba nimekifagia.

Lakini sitakuficha tena kitu. Wanawake hawateki maji pangoni. Bi. Kidawa amekataa, na wote wamemfuata. Wanatembea mpaka mji wa pili na ndoo kichwani. Nilimwambia maji ni ya Ami Silima, hatamzuia mtu. Akanijibu, "Najua hatanizuia. Ndiyo maana siendi. Maji yenye mtu huombwa, na mimi tangu kuzaliwa sijaomba maji."

Wanu


Malindi, 20 Februari 1955

Mwanangu Wanu,

Jana nilikwenda Darajani kwenye gari la Hija. Nilivaa kanzu ya Idd. Hija alinipisha mbele, akafuta kiti kwa kofia yake. Nilikaa humo mpaka gari likajaa. Alipotia moto nilimwomba aniteremshe.

Ningefika nikakuta mnazi wangu umesimama, uwanda haupo. Ningekuwa mtu pekee wa Kiwengwa aliyebaki na ardhi, mimi niliyeondoka. Na Kidawa angenipa shikamoo kwa kuwa nina maji.

Bwana Abrahman ananishauri niweke wakfu hicho kipande kilichobaki. Sasa naweza, kwa kuwa ni changu. Ni hatua saba kwa hatua tano. Nilichukua kalamu, nikaandika "Mimi Silima, mwenye..." nikashindwa kwenda mbele. Kila mwanamke angeteka kwa sadaka yangu.

Uung'oe. Usiukate, uung'oe kwa mikono, kama alivyofanya baba yako, ambaye alikuwa na haki. Najua kitakachofuata, karani atakuja na kamba yake. Lakini kati ya kung'oa na kuja kwake huenda zikawapo siku mbili tatu ambazo pango halina mwenyewe. Nataka Kidawa ateke maji siku hizo.

Siku tatu za kafara naanza kuzifunga kesho. Zimechelewa. Nazifunga hivyo hivyo.

Ami yako,
Silima


Kiwengwa, 3 Machi 1955

Ami yangu Silima,

Shikamoo.

Tuliung'oa Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, mimi na Bi. Kidawa. Mizizi ilikuwa imeingia kwenye nyufa za jiwe na ilichukua muda. Bi. Kidawa alipomaliza alishuka pangoni na ndoo, akateka, akanywa kwa kiganja, akajaza. Akapanda juu akanambia, "Waite wenzio."

Walikuja wote. Mwatima alikuja, na mke wa Mkubwa alikuja. Hatukupiga hodi popote. Tuliteka siku nne.

Siku ya tano ilikuja kamba.

Mche sikuuacha uwandani. Nilitafuta mahali pa kuupanda, Ami, nikazunguka mji mzima, na kila nilipotia jembe paliulizwa ni pa nani. Kwa hiyo nauleta kwako. Umo ndani ya gunia, nimekosha mizizi. Najua unakaa ghorofa ya pili na ngazi zako ni za mawe.

Nimemwambia Hija asikupe mkononi. Aulaze kizingitini.

Mwanao,
Wanu binti Machano